Picha Zinazotuonyesha Mioyo Yetu

Somo letu ni II Samweli 12:1-7.

Juzi hapa Mwanda mzee mmoja wa kanisa alimkuta mjukuu wake akisoma kitabu cha vibonzo kilichotoka Voi. Akamnyang'anya, akasema, "Mambo ya Mungu si ya kuchekesha." Twamheshimu mzee wetu, lakini na tulitazame jambo hili katika historia.

Mwaka 1521, huko Wittenberg, Ujerumani, kilitolewa kitabu cha picha 26 za mchoraji Lucas Cranach, zimepangwa mbili mbili. Upande mmoja Kristo anawaosha wanafunzi miguu. Upande wa pili Papa anabusiwa mguu. Hata asiyejua kusoma alielewa. Lakini picha zile zilikuwa na hatari yake: mtu aliweza kuzitazama mpaka mwisho akaona dhambi ya mwingine tu.

Mwaka 1812 mtumishi mwingine wa Ujerumani, Johannes Gossner, alitoa kijitabu cha picha kumi za moyo wa mtu. Wakati ule alikuwa padre wa Kikatoliki. Mwaka 1826 aliingia Kanisa la Kiprotestanti. Katika picha ya kwanza moyo umejaa wanyama: tausi ni kiburi, mbuzi ni uasherati, nguruwe ulafi, kobe uvivu, chui hasira, nyoka wivu, na chura tamaa ya mali. Picha zafuatana, kama vibonzo vifuatanavyo, tangu dhambi hata toba, tangu majaribu hata kufa. Kijitabu hicho kilifika Afrika, na wahubiri wengi wakakitumia.

Sisi twakumbuka jioni moja ya ukungu hapa Mwanda, tumekusanyika kwa taa ya chemli. Mhubiri alipoonyesha wale wanyama, tulicheka. Mmoja wetu akanong'ona, "Nguruwe yule ni jirani yangu wa ng'ambo ya bonde." Kisha ikaja picha ya saba: moyo wa aliyeokoka akarudi nyuma, na wanyama wote wamerudi. Soma Luka 11:24-26. Kicheko kikakoma. Ndugu mmoja, ambaye sote tulidhani ameacha pombe ya miwa, akasimama akasema, "Huo ni moyo wangu." Yule aliyenong'ona akainamisha kichwa.

Wapendwa, Nathani naye alimchorea Daudi picha kwa maneno. Daudi alimkasirikia yule tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo, asijue kwamba ni yeye mwenyewe. Hata tulipomcheka Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau katika Taifa Leo, mara nyingi tulicheka ujinga wetu wenyewe.

Vipo vibonzo vya uchafu, hivyo tuvikatae. Lakini tusiulize tu, "Je, hiki ni kibonzo?" Tuulize, "Kidole chake chamwelekea nani?" Babu, mrudishie mjukuu kitabu chake. Kaa naye, kisomeni pamoja, kisha mwulize, "Katika hawa, mimi na wewe ni yupi?" Nawe uwe wa kwanza kujibu.

Tuombe. Ee Bwana, tuonyeshe mioyo yetu kabla hatujaitazama ya jirani, ukafukuze kila mnyama aliyerudi kwa siri. Amina.