Nahodha aliyeusaka ugonjwa wake vitabuni

Julai 30, 2025 ilitimia miaka 100 tangu Daktari Felix Mandl wa Vienna, Austria, alipompasua shingo kondakta wa tramu na kumtoa uvimbe uliokuwa ukimmaliza mifupa. Ndio upasuaji unaohesabiwa kuwa wa kwanza duniani kwa tezi ya parathairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Nje ya duru za madaktari, siku hiyo haikupata uzito wowote. Inastahili zaidi ya hapo, na wanaostahili kukumbukwa kwanza ni wagonjwa wenyewe.

Tezi hizi ni ndogo mno. Watu wengi wanazo nne, zimejibanza nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni, kila moja kama punje ya mchele. Zinalinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kalsiamu ikipungua, hutoa homoni inayoichota mifupani, inayozizuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na inayousaidia utumbo kufyonza zaidi kutoka kwenye chakula. Tezi moja ikivimba, homoni hutoka bila kikomo. Mifupa inadhoofika, mawe yanajijenga kwenye figo, na mgonjwa anakuwa na kiu, uchovu, choo kigumu na huzuni asiyojua chanzo chake. Kwa wagonjwa wapatao 85 katika kila 100, tatizo ni tezi moja tu, na uvimbe wake si saratani. Ikitolewa hiyo, zilizobaki hutosha.

Kazi ni kuipata.

Mtu wa kwanza kuiandika hakuwa akimchunguza binadamu. Mwanaanatomia Richard Owen alimpasua kifaru wa bustani ya wanyama ya London, aliyekufa mwaka 1849, akaona kijinyama cha manjano kimeshikamana na thairoidi. Hakukifuatilia. Mwaka 1877 Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, alikiona kwa mbwa, kisha akakitafuta kwa paka, ng'ombe, farasi na sungura, na hatimaye kwenye maiti 50 za watu. Ni yeye aliyezipa tezi hizi jina zinaloitwa hadi leo, na akatabiri kwamba uvimbe unaweza kuota humo. Andiko lake la mwaka 1880 lilitoka katika jarida la madaktari wa mji wake, kwa Kiswidi, na wachache sana walilisoma. Sandström alijitoa uhai mwaka 1889 akiwa na miaka 37, kabla dunia haijajua alichogundua kina kazi gani.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1891, Mfaransa Eugène Gley alipoonyesha kwamba wanyama walioondolewa tezi hizo hukakamaa misuli na kufa. Mwaka 1909 William MacCallum na Carl Voegtlin wa Marekani waliunganisha hali hiyo na upungufu wa kalsiamu.

Hapo ukazuka ubishi uliowagharimu wagonjwa miaka mingi. Jakob Erdheim, mtaalamu wa patholojia mwenye sauti kubwa mjini Vienna, aliona tezi zilizovimba kwa watu wenye mifupa laini, akasema zimevimba kwa sababu zinajitahidi kuuokoa mwili. Kwa hoja hiyo, mgonjwa alipaswa kuongezewa tezi. Mwaka 1915 mwenzake wa mji huohuo, Friedrich Schlagenhaufer, alihoji: kama tezi zinaitikia ugonjwa wa mwili mzima, mbona inavimba moja tu? Akashauri itolewe. Hakusikilizwa.

Mandl naye alianzia kwa Erdheim. Mgonjwa wake, Albert, alikuwa na maumivu makali ya mifupa na alikwishavunjika paja. Mandl akampa dondoo ya tezi za parathairoidi, bila nafuu. Akachukua tezi za mtu aliyekufa ajalini, akampandikiza, hazikusaidia. Ndipo alipoamua kwenda kinyume na nadharia ya mkubwa wake. Alimpasua kwa ganzi ya sehemu tu, akakuta uvimbe wenye urefu wa milimita 25. Kalsiamu kwenye mkojo ilishuka, maumivu yakapungua, na mtu aliyekuwa hawezi kusimama akaanza kutembea. Ugonjwa ulimrudia baada ya miaka kadhaa na upasuaji wa pili haukumwokoa, lakini ubishi wa Vienna ulikuwa umekwisha.

Kisa kilichowafundisha madaktari wa upasuaji kazi hii kilitokea Boston, na anayekisimulia vizuri zaidi ni mmoja wa waliokuwamo, Daktari Oliver Cope wa Hospitali Kuu ya Massachusetts. Kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1966 ndizo makala haya yanazoziegemea.

Charles Martell alikuwa nahodha wa meli za biashara za Marekani, kijana mrefu mwenye nguvu. Akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu alianza kuhisi maumivu, kisha mifupa ikawa inavunjika kwa mambo madogo. Hadi kufikia mwaka 1926 alikuwa amepungua urefu kwa takriban sentimita 18. Shingo ilizama, kifua kikatokeza mbele, na mkojo ukawa unatoka na chembe kama za chokaa.

Daktari Eugene DuBois wa New York alipima kalsiamu ya damu yake, akaikuta juu, na akafikia peke yake hitimisho lilelile la Mandl. Alimpeleka Boston kwa Joseph Aub, na alikuwa na sababu. Aub alikuwa akitumia homoni ya parathairoidi kuondoa sumu ya madini ya risasi kwenye mifupa ya wafanyakazi wa viwandani, hivyo alijua hasa homoni hiyo ikizidi inamfanya nini mtu. Kwa nahodha huyu aliikuta hali hiyohiyo, ila safari hii homoni ilitoka ndani ya mwili wenyewe.

Mwaka huohuo Martell alipasuliwa shingo mara mbili, na kila mara ikatolewa tezi isiyo na kasoro. Akapasuliwa tena New York, bila mafanikio. Mwaka 1932 akarudi Boston, mikononi mwa Edward Churchill na Cope aliyekuwa bado kijana. Kabla ya kushika kisu, Cope alichambua maiti zipatazo 30 ili azoee kuitambua tezi hii kwa jicho, maana hufanana sana na mafuta na matezi ya limfu yanayoizunguka. Hata hivyo walimpasua shingo mara nyingine tatu na kutoka mikono mitupu.

Mtu aliyepasuliwa mara sita angeweza kukata tamaa. Martell alikwenda maktaba ya Harvard akasoma anatomia. Alijifunza jambo ambalo kila daktari wa fani hii sasa hulianzia: mtoto akiwa bado tumboni, tezi mbili za chini hushuka pamoja na tezi ya thaimasi kutoka karibu na taya, na zinaweza kupitiliza hadi kifuani. Kwa masimulizi ya Cope, ni Martell mwenyewe aliyeshikilia kwamba uvimbe uko kifuani, na akataka watafute huko.

Novemba 1932 wakapasua mfupa wa kidari. Uvimbe ulikuwepo, wenye upana wa sentimita tatu. Walikata sehemu kubwa na kuacha kipande makusudi, wakihofia kalsiamu itaporomoka ghafla. Iliporomoka hata hivyo, kwa kuwa tezi nzima zilikwisha kutolewa katika upasuaji wa awali. Misuli ikakakamaa siku chache baadaye. Wiki sita baadaye jiwe la figo liliziba mrija wa mkojo, akahitaji upasuaji mwingine, na muda mfupi baada ya huo akafa. Ni dhuluma kwamba orodha nyingi za waanzilishi wa fani hii hutaja majina ya madaktari na kumwacha yeye.

Mandl, kwa kuwa alikuwa Myahudi, aliikimbia Vienna Wanazi walipoiteka Austria mwaka 1938. Alifanya kazi Jerusalem, akarudi baada ya vita.

Hatua zilizofuata zilikuwa za vipimo zaidi. Mwaka 1963 Solomon Berson na Rosalyn Yalow walitoa njia ya kupima homoni yenyewe kwenye damu. Miaka ya 1970 mashine zilianza kupima kalsiamu ya kila mgonjwa katika nchi tajiri, na wengi wakagunduliwa kabla ya mfupa kuvunjika. Leo picha za mawimbi ya sauti na za dawa ya mionzi huonyesha tezi ilipo, na homoni hupimwa mgonjwa akiwa bado mezani. Ikishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika 10, daktari hushona.

Mahali ambapo kalsiamu haipimwi mara kwa mara, wagonjwa bado hufika wakiwa wamevunjika kama Martell. Si kila jiwe la figo linatokana na tezi hizi, sehemu kubwa halina uhusiano nazo. Lakini mtu anayerudi hospitali na jiwe la pili na la tatu, akasafishwa na kurudishwa nyumbani bila kupimwa kalsiamu, anatendewa isivyo haki, na kipimo hicho ni cha kawaida kabisa.

Kwa daktari mzoefu, zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona kwa upasuaji mmoja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Sauti inaweza kukwaruza kwa muda, kwa sababu mshipa wa fahamu unaoiendesha hupita jirani na tezi. Baadhi hupewa vidonge vya kalsiamu kwa wiki kadhaa, mifupa ikirudisha ilichonyang'anywa. Anayetakiwa kupasuliwa ana haki ya kumuuliza daktari wake ni mara ngapi kwa mwaka anafanya kazi hiyo.