Mohoro ya daftari na Mohoro ya bibi

Nikiwa shule ya msingi ningeweza kukuimbia bila kupumua: Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani, Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905. Mwalimu anatamka, sisi tunaitikia, daftari linajaa. Kitu kimoja sikukijua. Mohoro hiyo ndiyo ile tuliyokuwa tukienda likizo na kuiita "kwa bibi". Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Nilikariri tu.

Aibu hiyo imenirudia wiki hii kwa sababu kaka yangu anamtafutia bintiye wa miaka minne shule ya awali. Shule moja imemwambia mtoto atafanya mtihani wa kuingia, na kwamba pale kwao "hakuna michezo". Kaka kafurahi. Mimi nimekosa usingizi.

Turudi kwa bibi. Barazani kwake ndiko nilikojifunza kusuka ukili wa mkeka. Hakuwa na ratiba. Alinipa chane chache za ukindu, akaendelea na kazi yake. Nikikosea hakufoka. Ukili wenyewe ulipinda kama nyoka, nikaona, nikafumua, nikaanza upya. "Mke mwenzangu, mkeka haukimbii," alikuwa akiniambia. Binamu yangu alijua kwa siku mbili. Mimi nilihitaji likizo mbili. Mwisho wote tulijua.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907. Huku kwetu Vita vya Maji Maji vilikuwa vinamalizikia. Mama huyu aliwapa watoto vipande vya mbao, kila kimoja na tundu lake. Ukikosea, kimoja kinabaki nje. Mtoto anajisahihisha mwenyewe, kwa mwendo wake, bila kelele za mwalimu. Nilicheka. Huyo si bibi yangu kabisa?

Sasa tulipoteaje? Shule za serikali ya Wajerumani pwani zilitaka makarani na maakida, watu wa kutii na kuandika. Waingereza nao wakataka makarani wao. Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wetu walijifunza kwa kuishi na kutenda. Maneno tuliyapokea vizuri sana. Tukayakariri pia.

Najua utaniambia: darasa lililojaa watoto si baraza la bibi, na vifaa vya Montessori ni vya watoto wa matajiri. Hoja nzuri, lakini imeshajibiwa hapahapa pwani. Mwaka 1986, Mombasa, Bi Swafiya Said alianza mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan. Mpango ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Darasa liligawanywa pembe pembe, mtoto akachagua pa kuanzia. Vifaa? Vifuu, makombe, magunzi, vifuniko vya soda. Na Kurani haikuachwa. Wazazi hawakulazimika kuchagua kati ya dini, shule na mchezo.

Sera yetu ya elimu ya 1995 iliitambua rasmi elimu ya awali, na ile ya 2014 ikaifanya ya lazima. Vizuri. Lakini lazima ya nini? Ya mtoto wa miaka minne kukaa kimya na kuitikia?

Juzi nilimpelekea binti wa kaka mfuko wa vifuniko vya soda. Alivipanga kwa rangi, akavivuruga, akavipanga kwa ukubwa. Hakuna aliyemtuma. Akaniita, "Shangazi, hiki hakina mwenzake." Alikuwa sahihi.

Kaka alikuwa ameketi kwenye mkeka uleule aliosuka bibi. Ameahidi atafikiria. Ada inalipwa Jumatatu.