Kamera: maana za neno na matumizi yake mpakani

Neno kamera lina maana zaidi ya moja. Kwa mfanyabiashara anayevusha mizigo, kuchanganya maana hizo kunaweza kumgharimu siku za kusubiri na hata faini.

Asili ya neno

Kamera imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Wataalamu wa Ulaya waliita "camera obscura" chumba chenye giza ambamo mwanga, ukipita kwenye tundu dogo, huonyesha ukutani sura ya vitu vilivyo nje. Kifaa cha kupigia picha kilirithi jina hilo. Mahakamani nako, kesi inayosikilizwa "in camera" ni ile inayosikilizwa faragha.

Kwa majirani

Kwa Kiswahili, kamera ni kifaa cha picha za mnato au za video. Kwa Kifaransa, kinachotumika Burundi na Kongo, "caméra" ni ya video. Ya picha za mnato huitwa "appareil photo". Neno "chambre" lina asili hiyo hiyo ya Kilatini: "chambre froide" ni chumba cha baridi cha kuhifadhia bidhaa, na "chambre à air" ni tyubu ya tairi. Msumbiji, wanakotumia Kireno, tyubu huitwa "câmara de ar" na chemba ya biashara "câmara de comércio". Hivyo, ankara ya Kireno yenye neno "câmara" si lazima iwe ya vifaa vya picha.

Barabarani

Madereva huzungumzia kamera za usalama kwenye maghala na kamera za dashibodi. Tanzania, kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo wa magari hujulikana zaidi kama tochi. Skana ya forodha si kamera. Hutumia miale ya X kuona ndani ya kontena.

Kwenye hati za forodha

Kuandika "kamera" peke yake hakutoshi, kwani namba za HS hutofautiana:

- 8525: kamera za dijitali, za video, za usalama na za kompyuta
- 9006: kamera za picha za mnato zinazotumia filamu
- 9007: kamera za sinema
- 8521: mashine ya kurekodi picha za kamera za usalama
- 8517: simu, hata ikiwa na kamera
- 8806: droni, tangu toleo la HS la mwaka 2022, kabla ya hapo droni zenye kamera ziliwekwa chini ya 8525

Droni huhitaji pia kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ni vyema kipatikane kabla mzigo haujaondoka.

Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinahusu tamko la uongo au lisilo sahihi. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani.

Kwa hiyo ankara itaje aina ya kamera, modeli, idadi na kama ni mpya au iliyotumika, na wakala wa forodha apewe maelezo hayo kabla gari halijafika mpakani. Dereva naye aombe ruhusa kabla ya kupiga picha yoyote eneo la forodha.