Ghala na maabara za mbao: zinapunguzaje gharama ya umeme?

Ukipita Barabara ya Nyerere, au ukiingia Chang'ombe na Mbagala wilayani Temeke, karibu kila ghala na kiwanda kimejengwa kwa namna moja: nguzo za chuma au zege, kuta za tofali, bati juu. Saa nane mchana ndani ni tanuri. Wafanyakazi huwasha feni, na mwenye maabara au chumba cha dawa hana budi kuwasha kiyoyozi mchana na usiku. Je, mbao zingesaidia?

Mbao ya paini hupitisha joto mara kumi pungufu kuliko zege, au hata zaidi ya hapo. Chuma ndiyo usiseme. Ndiyo maana mwiko ukikaa chunguni haukuunguzi mkono, lakini kijiko cha chuma kinakuunguza. Tena usiku wa Dar es Salaam haupoi sana, kwa hiyo ukuta mzito wa tofali uliopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto ndani hadi usiku. Ukuta wa mbao ni mwepesi, hupoa mapema.

Hata hivyo, ubao mmoja mwembamba chini ya bati hauleti maajabu. Joto jingi huingia kupitia paa. Kazi kubwa hufanywa na dari yenye nafasi ya hewa juu yake, paa lililotokeza nje ili kuta zipate kivuli, na mwelekeo wa jengo. Jua la kwetu huchoma zaidi kuta za mashariki na magharibi, hivyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Hilo linafaa hata kwa nyumba ya tofali kijijini, na halina gharama. Kwa maabara yenye kiyoyozi, ukuta wa mbao huwa na pande mbili, katikati hujazwa kizuia joto, na viungo vyote huzibwa. Mwanya chini ya mlango unatosha kuharibu hesabu.

Zamani upana wa chumba katika nyumba za mawe za pwani ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita 3 au pungufu. Ghala linahitaji zaidi. Siku hizi mbao fupi huunganishwa kwa gundi zikawa boriti ndefu, au hupangwa matabaka yanayopishana zikawa ukuta mzima. Huko Fumba, Zanzibar, mradi wa Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 la mbao na zege, ulitangazwa mwaka 2021.

Na moto? Boriti nene huungua taratibu, karibu milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa unaojitengeneza juu hukinga sehemu ya ndani. Chuma kisichokingwa hulegea kwa joto kali. Kenchi nyembamba ni habari nyingine, hizo huteketea haraka.

Adui mkubwa wa pwani ni mchwa na unyevu. Mbao zikaushwe vizuri, zitiwe dawa, na zikae juu ya msingi wa zege bila kugusa udongo. Hapa tunaomba usikivu: dawa ya rangi ya kijani mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu kali. Vipande vinavyobaki visipikiwe, kwani moshi na majivu yake hudhuru. Wala usivitengenezee kibao cha kukatia mboga au hori la mifugo.

Mbao hizi hutoka Nyanda za Juu Kusini, kwenye shamba la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi na mashamba ya wanavijiji wa Iringa na Njombe. Wengi hukata miti ikiwa michanga kwa sababu ada ya shule haisubiri. Mbao ya mti mchanga ni dhaifu na hupinda, haifai kubeba paa la kiwanda. Mwenye uwezo auze sehemu tu ya shamba, apunguzie miti iliyosongamana, na kuacha iliyonyooka ikomae.