Waridi Lilipita, Mke Akabaki

Mnamo Mei 2020, waridi la Naivasha lilikuwa na ruhusa ya kupanda ndege pale JKIA. Mke wa mtu hakuwa nayo. Ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa tangu Machi 25, lakini za mizigo ziliachwa ziruke, na maua yetu yakaendelea kufika Uholanzi ili watu wa huko wapelekeane mapenzi. Tarehe 16 mwezi huohuo wa Mei, serikali ikafunga mpaka wa Tanzania na ule wa Somalia. Hapo pia mizigo iliruhusiwa: dereva wa lori akipimwa na kukutwa hana virusi, anapita. Lakini kama wewe unaishi Taveta na mumeo ana duka Holili, ng'ambo tu pale, basi mlisalimiana kwa simu kama watu walio mabara mawili.

Siwalaumu madereva, na maua nayo yalilisha watu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Sote tunajua kaburi moja au mawili. Ninachouliza ni hiki: mlango ukifungwa, nani huamua kwamba mume na mke ni jambo la lazima, na nani huamua kwamba wanaweza kungoja?

Tumezoea kusema korona ilitenganisha familia. Mimi nasema korona ilikuta mkasi tayari uko mezani. Huo mkasi una historia, na sehemu yake iko hapa hapa Nairobi.

Mshahara wa kapera

Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Ndiyo iliyotuletea kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, iliyotiwa kwenye kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwanamume alipewa kipande kwa sababu alihesabiwa kama kazi. Mkewe hakupewa, na si kwa huruma. Kwenye hesabu ya mkoloni, mjini hakuwepo.

Mshahara nao ulifuata hesabu hiyohiyo. Ulipimwa umtoshe mwanamume mmoja, kapera, hata kama ana mke na watoto watano. Hao wengine ilidhaniwa shamba la rizavu litawalisha. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa wazo hilo pia: mtu alipangiwa nafasi ya kitanda, si makao ya familia. Mke alikuja mjini kama mgeni, akalala siku chache nyuma ya pazia, akarudi kupanda mahindi. Ukisikia wazee wakisema "mama yuko nyumbani" hali wao wenyewe wamekaa Nairobi miaka thelathini, hapo ndipo neno hilo lilipozaliwa. Nyumbani ni kule mke alikoachwa.

Kisha ikaja Aprili 24, 1954. Operesheni Anvil ikauzingira mji. Maelfu ya wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa kizuizini, na wanawake na watoto wengi wakarudishwa rizavu kwa nguvu. Mwaka huohuo, kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ikapendekeza Mwafrika alipwe pesa za kumtosha yeye na familia yake. Angalia hapo. Serikali moja, mwaka mmoja: mkono huu unafukuza wake mjini, mkono ule unaandika ripoti kwamba mfanyakazi anahitaji kuishi na mkewe. Na sababu ya ripoti haikuwa mapenzi. Waligundua kwamba mtu aliye na familia karibu hutulia kazini.

Funzo ninalolipata hapo ni kwamba serikali haikosi kujua thamani ya familia. Inaijua vizuri sana. Inachofanya ni kuipangia bei.

Tusijitoe

Kabla hatujawanyooshea wazungu kidole, tujiangalie. Katiba tuliyopata wakati wa uhuru ilimruhusu mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya kusajiliwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na njia hiyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alifuata uraia wa baba. Kwa hivyo dada yako akiolewa na Mtanzania au Mkongo, bwana wake alikuwa mgeni wa vibali maisha yote, hata akijenga nyumba Kayole na kuzika wakwe. Ilichukua hadi Agosti 2010, na katiba mpya, ndipo sheria ikasema mtu yeyote, mume au mke, aliyekaa kwenye ndoa na Mkenya kwa angalau miaka 7 ana haki ya kuomba uraia.

Miaka 7 si michache. Na korona ilipoingia, Machi 15, 2020, rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kutoka nchi zenye ugonjwa wataruhusiwa raia na wageni wenye vibali halali vya ukaazi pekee. Neno ndoa halikuwa kwenye orodha hiyo. Kama mwenzi wako alikuwa amezoea kuja kwa viza ya matembezi, basi mbele ya serikali yetu alikuwa mtalii.

Foleni mbili

Sasa twende ng'ambo, ambako hadithi hii iliigusa nyumba yetu.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi penye Sanamu ya Uhuru, New York, iliifanya familia kuwa mlango mkuu wa kuingia nchini humo. Lakini ndani ya mlango huo kuna foleni mbili. Mke wa raia hawekewi idadi ya viza kwa mwaka. Mke wa mtu mwenye grini kadi, yaani mkazi wa kudumu, yuko kwenye foleni yenye kiwango, na kwa miongo mingi foleni hiyo ilikuwa ya kungoja miaka.

Dada yangu alikuwa kwenye foleni ya pili. Shemeji yupo Minnesota, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Walifunga ndoa Desemba 2017, kanisani na kwa karatasi, na mwaka uliofuata mtoto akazaliwa, akaingizwa kwenye faili ya mama yake. Julai 2019 ikaja habari njema: viza za kundi lao zikawa zinapatikana bila kungoja zamu. Kilichobaki kilikuwa karatasi, vipimo vya afya, cheti cha tabia njema kutoka polisi, na mahojiano pale Gigiri. Mahojiano yakapangwa mwisho wa Machi 2020.

Machi 20, balozi za Marekani duniani kote zikasitisha huduma za kawaida za viza. Hilo tulielewa. Hata kinyozi alikuwa amefunga.

Lakini Aprili 22 Rais Donald Trump akatia sahihi tangazo la kuwazuia wahamiaji wapya kwa siku 60. Sababu iliyoandikwa haikuwa virusi. Ilikuwa kazi: kwamba wageni wangeshindana na Wamarekani walioachishwa. Halafu zikaja ruhusa za pekee. Mke au mume wa raia, apite. Mtoto wa raia mwenye umri chini ya miaka 21, apite. Daktari na muuguzi wa kusaidia vita dhidi ya korona, apite. Mwekezaji mwenye mtaji wake, naye apite. Mke wa mwenye grini kadi hakutajwa.

Nakumbuka dada akinisomea orodha hiyo kwenye simu, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Akamaliza, akarudia kutoka juu. Kisha akaniuliza, "Kwani hii ndoa yangu ni ya kukodisha?"

Siku 60 zikaongezwa Juni hadi mwisho wa mwaka. Desemba 31 zikaongezwa tena hadi Machi 31, 2021. Wakati huo vipimo vya afya, ambavyo kwa kawaida hudumu miezi 6, vilikuwa vimeisha, na kuvirudia ni pesa. Ndege zilifunguliwa Agosti 1, 2020, kwa hivyo shemeji angeweza kuja, lakini pale kazini wenzake walikuwa wakiugua na ruhusa ya kuondoka haikupatikana. Yaani alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa lazima kwa wazee wa Minnesota, huku mkewe akihesabiwa kuwa wa kungoja.

Mpwa wangu alijifunza kuongea mwaka huo. "Baba" kwake lilikuwa jina la simu. Simu yoyote ikilia, hata ya mwenye nyumba akidai kodi, mtoto alikimbia akisema baba huyo. Watu walicheka. Mama yangu hakucheka.

Kiapo chenye bei

Kulikuwa na njia moja. Shemeji alikuwa ameshafikisha miaka ya kuomba uraia. Akiapa, dada anahamia foleni ya kwanza, anakuwa mke wa raia, na lile tangazo halimgusi tena. Tulifurahi usiku mmoja mzima. Kesho yake wakili akawaeleza upande wa pili. Kwenye foleni ya pili, mtoto husafiri ndani ya faili ya mama. Kwenye foleni ya kwanza, kila mtu ana faili yake. Shemeji akiapa, mtoto anatoka kwenye faili ya mama, na ombi lake linaanza upya, ukurasa wa kwanza, katika ofisi ambazo zilikuwa zimefungia watu milango kuanzia Machi hadi Juni na sasa zilikuwa na mlima wa kazi.

Kwa hivyo swali likawa hili: mama atangulie, mtoto abaki na nyanya? Ama wote wangoje tangazo ambalo hakuna aliyejua litaisha lini?

Waliongea kwa wiki kadhaa, usiku wa huku na mchana wa kule. Mama alisema mtoto abaki naye, kwani wangapi wamelelewa na nyanya? Shemeji alitaka kuapa. Dada akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nimeachana na mmoja. Siachani na wa pili ili nimpate wa kwanza." Wakangoja.

Februari 24, 2021, Rais Joe Biden alilifuta tangazo hilo kwa upande wa wahamiaji. Kwenye maandishi yake alisema lilizuia watu kuungana na familia zao. Sentensi chache tu, na miezi 10 ikawa imepita. Foleni ya mahojiano ilikuwa imejaa, kwa hivyo dada na mwanawe walipanda ndege mwishoni mwa 2021. Mtoto alikuwa na miaka 3. Shemeji anasema siku ya kwanza alimwamkia "shikamoo anko."

Mapenzi yenye ushahidi

Si Marekani peke yake. Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha nyekundu kuanzia Aprili 9, 2021, hadi Septemba 22. Aliyekuwa na haki ya kuishi kule aliruhusiwa kuingia, lakini kupitia karantini ya hoteli: pauni 1,750 kwa mtu mmoja, na kuanzia Agosti pauni 2,285. Hapo hukuulizwa kama unampenda mumeo. Uliulizwa kama una pesa za kumfikia.

Denmark nayo, mwaka wa 2020, ilianza kuwafungulia wapenzi wasiooana, kwanza wa nchi jirani. Polisi walisema wangetaka ushahidi, kama picha na jumbe za simu. Watu wakalalamika kwamba hiyo ni kuchungulia chumba cha kulala, na serikali ikarudi nyuma, ikakubali tamko lililotiwa sahihi. Wapenzi waliokwama kote Ulaya walikuwa wakidai jambo moja: mapenzi si utalii. Ni kauli nzuri, lakini mimi ningeiongezea. Ndoa pia haikutosha. Dada yangu alikuwa na cheti cha ndoa, mtoto, na picha za harusi zenye wajomba wote. Kilichokosekana ni mume wa aina inayofaa.

Nikiyaweka haya yote pamoja, kipande cha 1915 na tangazo la 2020, sioni kwamba ni kitu kimoja. Mkoloni alitaka kazi ya mtu bila familia yake kwa makusudi, na silaha mkononi. Mmarekani wa 2020 alitumia tofauti ndogo kwenye sheria ambayo ilikuwa imelala humo miaka mingi bila kelele. Ila swali lililoulizwa mlangoni ni lilelile: huyu anayekuja anamfaa nani? Lori lilikuwa na jibu, waridi na mwekezaji pia. Mke alijibu kwamba anamfaa mumewe, na hilo halikuwa na safu kwenye fomu.

Gonjwa lingine litakuja, ama vita, ama kitu ambacho hatujakipa jina. Siku hiyo hakuna waziri atakayekuwa na muda wa kufikiria ndoa za watu. Atachukua orodha iliyo mezani na kuisoma. Kwa hivyo orodha iandikwe sasa, tukiwa tumetulia. Sisi tuanze na yetu: mwenzi wa Mkenya asilazimike kungoja miaka 7 ndipo sheria imwone kuwa mtu wa nyumba hii, na mpaka wa Taveta usiwe na nafasi ya saruji na mahindi huku mume akirudishwa.