Radi ya Ziwani na Aurora Isiyofika Makoko

Mwako unaoonekana usiku juu ya Ziwa Viktoria ni radi, wala si aurora, ile mianga ya kijani na nyekundu ya karibu na ncha za dunia. Asili ya viwili hivi inakaribiana: elektroni zinazosukumwa na umeme hugonga hewa ikatoa mwanga. Lakini radi hutoka mawinguni, ambako pepo za nchi kavu hukutana usiku juu ya maji, nayo hupasha hewa joto hadi nyuzi 30,000 hivi. Aurora huanzia kilomita 100 juu, mahali ambapo mistari ya usumaku wa dunia hushusha elektroni kutoka mbali angani. Juu ya Makoko, hapa Musoma kando ya ziwa, mistari hiyo imelala kiasi. Haifiki huko mbali.

Mbona basi miako mingine haina ngurumo? Ngurumo hufifia ndani ya kilomita 20 hivi, ilhali mwanga huonekana mbali zaidi. Miako hiyo ya kimya nayo si aurora: ingawa dhoruba ya jua ya Februari 4, 1872 ilifanya aurora ionekane hadi Khartoum, mji huo uko takribani kilomita 1,900 kaskazini mwa hapa. Mvuvi, ukiona mwako, hata usio na sauti, rudi mwaloni.