KUTOKA HARURA HADI KWENYE SIMU YA MWANAO



Ndugu yangu katika imani, usidhani mtego wanaotegewa vijana wetu mitandaoni umezaliwa na simu. Ni wa zamani.

Mwaka 37 Hijria (657), baada ya vita vya Siffin, Sayyidna Ali (r.a.) alikubali suluhu ya waamuzi wawili. Maelfu wakajitenga naye, wakapiga kambi Harura, karibu na Kufa. Hawakuwa walevi wala wavivu wa swala, bali wasomaji wa Qur'ani. Walisema hukumu ni ya Mwenyezi Mungu tu. Neno la kweli, lakini wakalitumia kuwakufurisha Waislamu.

Ibn Abbas (r.a.) akawaendea. Akasikiliza hoja zao tatu, akazijibu moja moja kwa Qur'ani na Sunna. Akawaonyesha pia kuwa kati yao hakukuwa na sahaba hata mmoja. Maelfu wakarejea. Waliobaki ndio waliomuua Abdullah bin Khabbab na mkewe mjamzito. Mwaka 40 Hijria, mwenzao Ibn Muljam akamuua Ali mwenyewe.

Sasa njoo zama zetu. Al-Shabaab walitoa jarida kwa Kiswahili, Gaidi Mtaani, likasambazwa mtandaoni. Septemba 2013, watu wakiuawa Westgate, Nairobi, wao walikuwa Twitter wakijisifu. Aprili 2015 wakaua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, na mmoja wa wauaji alikuwa msomi wa sheria wa chuo kikuu hapo hapo Kenya.

Hawaanzi na bunduki. Wanaanza na video ya mtoto anayelia chini ya kifusi, na machozi yale ni ya kweli. Kijana akiandika uchungu wake, anafuatwa faragha: "Pole, akhi." Anaingizwa kundi la siri. Kisha anaambiwa masheikh wamenunuliwa, wazazi hawaelewi dini. Hapo amefika Harura, hana mwanachuoni hata mmoja karibu naye.

Mzazi, ukimfokea tu, umemwachia yule anayemwita akhi. Fanya alivyofanya Ibn Abbas: mwendee, msikilize, na lililokushinda mpeleke kwa mwenye elimu.

Nawe kijana, mtu akikukataza kumwuliza sheikh mwingine yeyote, jiulize anaogopa nini.

Allah atuhifadhie vijana wetu. Wallahu a'lam.